Mupimaji wa Waliotupwa na Ziwa

Wengine walikuwa wanashika mapanga na mabeseni, yeye alikuwa anashika kamba. Njo vile namukumbuka zaidi. Kiboko aliyekufa amelala ku muchanga fasi ziwa limemutupa, tumbo limevimba, nzi wamejaa ku macho. Sisi wamama tumejipanga tangu asubuhi na mabeseni ku kichwa, vijana wananoa mapanga ku mawe. Na ule muzee anapiga magoti mbele ya pua ya munyama, anasema bismillahi kwa sauti ndogo, anaweka ncha ya kamba ku mudomo, njo anaanza kazi yake. Kama hajamaliza, hakuna mutu anakata.

"Papa Mupimaji," kijana mumoja alimuita siku moja, "unamushonea suti?"

"Suti bila mifuko," alijibu, hakugeuka hata. "Huyu alikufa hana kitu."

Tukacheka. Mama mumoja aliyesimama nyuma yangu hakucheka. "Fanya haraka basi, Papa. Nyama inaharibika."

"Nyama iliharibika jana, mama. Kama uliisha kuamua kuila, itakungojea."

Yeye mwenyewe hakuwa anaila. Alikuwa Mwislamu, wa zile familia za wafanyabiashara wa zamani wa ziwa, na alisema munyama wa mu maji mwenye meno ya namna ile hawezi kuingia mu sufuria yake. Lakini alituachia nyama yote bila neno. Alikuwa anataka urefu tu. Akiisha kuupata, anakunja kamba, anainuka akishika kiuno, anasema, "Haya, ni wenu," na watu wanamurukia kiboko kama vile alikuwa angali na mbio.

Jina alikuwa nalo. Sitaliandika. Majina nitakayoandika hapa ni ya wale waliotufanyia mabaya, na yeye sitaki alale nao ku karatasi moja. Hata kama nilikuwa na kinyongo naye, na kinyongo hicho hakijaisha vizuri. Mimi sikusoma sana, minerval, pesa ya masomo, ilikosa nikiwa ningali primere, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Mwenye kutaka Kiswahili cha kitabu atafute mahali pengine.

Tulikaa jirani Kalemie, karibu na fasi muto Lukuga unatoka ku ziwa. Mimi nilikuwa nauza samaki wa kukaushwa. Yeye alikuwa anapita mbele ya meza yangu kila asubuhi akienda kutembea ku muchanga, kuona kama ziwa limetupa kitu. Likitupa samaki sangala mukubwa aliyekufa, anapima. Likitupa mamba, anapima. Lakini viboko njo walikuwa kazi yake ya kweli.

Kazi hiyo hakujitungia. Mbele ya vita alikuwa mutu wa kazi za mikono mu biro moja, ofisi iliyochunguza samaki wa ziwa. Muzungu mumoja alipita pale, muzee mwenye miwani, ambaye maisha yake yote alijifunza miili ya wanyama wakubwa ambao maji yanawatupa inje. Kwao maji ni bahari, na munyama wao ni pomboo. Alimuonyesha picha ya pomboo iliyochorwa ku karatasi ngumu, na mistari juu yake: kutoka ncha ya mudomo mpaka jicho, kutoka mudomo mpaka fasi pezi la mbele linaota, mpaka pezi la mugongo, mpaka pale mukia unagawanyika. Kisha muzunguko wa kifua. Alimuambia urefu unaonyesha umri, unene unaonyesha njaa, na ukipima wengi, mwaka juu ya mwaka, utajua kama maji yenyewe yanaumwa. Akamuambia, huku kwenu hakuna pomboo, lakini kuna viboko, fanya vile vile. Akaenda. Hakurudi.

Vita ikaja, biro ikaibiwa mpaka milango. Mita ya chuma ilienda na waliobeba milango. Yeye akachukua kamba ya nailoni ya nyavu, akaendelea. Kila munyama alimupatia kamba yake: anaikata urefu sawa na munyama, kisha anafunga fundo pale jicho lilipo, fundo pale muguu wa mbele unaanzia, hivyo mpaka mukia. Alikuwa na zote mu nyumba, zinaning'inia ku mbao za dari. Ukiingia kwake lazima uinamishe kichwa, kama unapita mu mvua iliyosimama.

Namna yake ya kupima ilikuwa moja tu. Alisimika kijiti ku pua na kingine ku mukia, kisha anavuta kamba kati ya vile vijiti, inyooke kama mustari wa fundi wa nyumba. Hakukubali kamba ipande juu ya munyama. "Ukipita juu ya tumbo, unapima hewa," alituambia. "Maji yanavimbisha tumbo. Urefu hayaugusi." Neno hilo alilirudia mpaka watoto wa mutaa walicheza nalo: mumoja analala chini amekufa, wengine wanasimika vijiti.

Sasa iko kitu kimoja nataka niseme, maana bila kitu hicho humujui. Kiboko hana pezi ku mugongo. Kila mutu anajua, hata kipofu akimupapasa. Lakini picha ya ule pomboo ilikuwa na pezi la mugongo, na mustari unaopita pale. Basi Papa Mupimaji, akifika katikati ya mugongo wa kiboko, anasimama, anaangalia, anafikiri, na anafunga fundo.

Nilimuuliza. "Papa, hii fundo ni ya nini?"

"Ya pezi."

"Pezi liko wapi?"

"Halipo."

"Sasa unapima nini?"

"Fasi lingekuwa." Akakasirika kidogo. "Yule aliyenifundisha alisema nisiruke hata mustari mumoja. Mimi si mutu wa kuruka."

Alikuwa hivyo. Mwaminifu mpaka anakuwa mujinga. Nasema bila matusi.

Harufu yake, tuseme ukweli, ilikuwa mbaya. Ku musikiti watu walimuachia nafasi pande zote mbili mu mustari, na imamu aliwagombeza, wakakaribia, kisha polepole wakaachana naye tena. Akaanza kununua mafuta ya uturi kwa wale wanaotoka Kigoma, anajipaka mengi. Bibi yake alisema harufu mbili zimeoana na sasa zinazaa.

Bibi yake alikuwa na mudomo kunishinda. "Muulize juu ya kiboko aliyekufa mwaka ule tulioana," aliniambia mara moja, bwana yake akiwa amekaa pale pale anakunywa chai, "atakuambia mpaka kidole. Halafu muulize binti yake anavaa kiatu gani."

"Binti yangu anakua," muzee alijibu. "Nitapima namna gani kitu kinachokua?"

Ziwa aliliogopa. Alikuwa mutoto wa ziwa, babu zake walivuka na biashara, na hakuweza kuogelea wala kupanda boti. Miguu aliiosha na birika. Siku waliposema kiboko mukubwa ametupwa karibu na Mpala, kwetu kabisa, kila mutu alimuambia apande boti. Akaenda na pikipiki, ile barabara ya milima na mashimo, akarudi na kidonda ku goti na homa, na kamba mu mufuko. "Ngojea yatupe," alikuwa anasema juu ya maji. "Usiyafuate." Na mimi nilimucheka, kwa sababu bwana yangu na mimi tulikuwa tunapanda boti kama mutu anapanda kitanda chake.

Bibi yake akafa, tumbo. Wakati wa kukata sanda, mutu mumoja alimutafuta yeye aje apime, si njo kazi yake? Alikuwa amekaa inje ku kinu kilichopinduliwa, mikono mu mifuko ya koti. "Pimeni nyinyi," alisema. Wakamubembeleza. Hakutoa mikono ile mu mifuko mpaka walipomaliza kuzika. Watu walisema hana roho, analia ku viboko na bibi yake hamulilii. Mimi nilikuwa karibu, niliona namna mifuko ilikuwa inatetemeka.

Njo nifike ku kinyongo.

Wale viboko hawakuwa wanakufa kwa uzee. Tulijua wote. Ajida Roje, yule askari aliyekuwa na kambi yake pale juu wakati ule, alikuwa anawapiga risasi akiwa amelewa, yeye na vijana wake, kwa muchezo mara nyingi, kwa nyama mara chache. Munyama anakimbilia mu maji, anafia mule, kisha anaelea anakuja kwetu. Nataja jina lake: Roje. Alikuwa na jino la dhahabu na alipenda kuitwa mukubwa. Ku viboko alijifundisha shabaha, na baadaye ile shabaha aliitumia ku watu, mu mashamba ya njia ya Nyunzu.

Siku moja Papa Mupimaji alikuwa anapima na akafika ku tundu la risasi, nyuma ya sikio. Liko pale, kila mutu analiona. Kamba ikapita pembeni yake.

"Papa," nikamuambia, "huyu amepigwa."

"Naona."

"Basi funga fundo hapo."

"Hakuna fundo ya risasi."

"Weka moja. Nani atakukataza?"

"Picha haina." Akaendelea kuvuta kamba.

Nikamuambia mbele ya watu, "Pezi ambalo halipo ulilipatia fundo. Risasi iliyopo umeinyima." Yeye alisimama na kamba mu mikono, nikaona anatafuta jibu, anapindua mudomo. Akamaliza, akasema "Haya, ni wenu," akaenda. Siku nyingine alipopita ku meza yangu alinisalimia vizuri, na nikamusalimia. Lakini nilijua kuanzia pale kwamba mutu huyu ataona kila kitu na hatasema kitu. Wako watu wengi wa namna hiyo mu muji wetu, na wengi ni wazuri, njo kinachoniumiza.

Boti tulilopanda, bwana yangu na mimi, lilikuwa la Fostini. Naandika jina lake pia: Fostini, mwenye maboti, mwenye nyumba ya gorofa karibu na barabara ya reli. Na komisere, yule anayesimamia bandari, alikuwa Leonardi. Tulitoka Moba, boti la mbao lenye motere moja iliyokuwa inakohoa, mahindi yamejaa mpaka watu wanakaa juu ya magunia, na sima ya kujengea chini ya mahindi. Watu walilalamika. Leonardi alikuwa Moba siku ile, akapanda ku boti kuangalia, akashuka na mbuzi wa Fostini. Nilimuona mbuzi huyo kwa macho yangu, mweupe, anavutwa na kamba. Tukaondoka.

Mpala tulipita vizuri, wengine wakapanda tena. Mbele zaidi upepo ukaanza. Sitaeleza mengi. Sima ikalowa, boti likakaa upande mumoja, halikuinuka. Bwana yangu alinipatia bidon tupu ya mafuta ya kula, akaifunga ku kifua changu na kitenge changu mwenyewe. Alikuwa ananiambia kitu, mudomo wake unaenda, sikusikia. Nilishika mukono wake. Kisha nilikuwa nashika maji.

Wavuvi walinitoa muguu umevunjika. Nililala hospitali, na wakati mimi nimelala, ziwa lilianza kutupa watu ku muchanga wa Kalemie. Yaliyotokea pale niliambiwa na wamama wenzangu.

Papa Mupimaji alikuja asubuhi kama kawaida yake, kutembea. Akakuta mutu. Hakuita mutu yeyote. Alipiga magoti ku kichwa, akasema bismillahi, akasimika vijiti viwili, akavuta kamba. Fundo ku kidevu, fundo ku bega, fundo ku nyonga, fundo ku goti, akakata pale kisigino kinapoishia. Sura zilikuwa zimeharibika, hakuna mama angeweza kumutambua mutoto wake kwa sura, na yeye aliwaambia watu waliokusanyika: sura imeenda, urefu haujaenda, tutawajua kwa urefu. Wamama wakaanza kumusaidia, wanafukuza mbwa, wanafunika na vitenge. Mumoja aliniambia hata ku wale watu, akifika katikati ya mugongo, alisimama kidogo, kisha akafunga fundo. Hakuna mutu alimucheka.

Leonardi akafika na waaskari wawili, na Fostini nyuma yake mu gari. Walikuwa wamesema ku radio kwamba waliokufa ni wachache, na boti halikujazwa. Sasa kila kamba ilikuwa mutu, na kamba zilikuwa zimeanza kupita ile hesabu yao.

"Weye ni mupimaji wa nyama," Leonardi alimuambia. "Nani alikupatia kazi ya watu?"

"Hakuna."

"Basi rudi ku viboko vyako."

Na alirudi. Kinyongo changu njo hapo. Alikunja kamba alizokwisha kukata, akazitia mu kanzu yake, akaenda nyumbani. Wale ambao ziwa liliwatupa akiisha kuenda, siku ile na siku zilizofuata, walizikwa pamoja mu shimo moja, hakuna kamba, hakuna kitu. Fostini alileta mbao za misalaba, mizuri, imepakwa rangi, na akapiga picha.

Nilipotoka hospitali na mikongojo, fasi ya kwanza niliyoenda ilikuwa kwake.

"Papa, nataka kamba za watu. Bwana yangu njo namutafuta."

Hakuniangalia. "Sina kamba za watu, mama."

"Wamama waliona."

"Waliona vibaya."

Juu yetu kamba za viboko zilikuwa zinaning'inia, zimejaa vumbi. Nilitoka mule nikiinamisha kichwa, na kuanzia siku ile sikumusalimia tena. Alipita ku meza yangu, alisema "Salama, mama," na mimi nilikuwa napanga samaki.

Kwa yule asiyejua, nieleze kwa nini nilikuwa nataka kamba. Mu familia ya bwana yangu, mutu ambaye ziwa limekataa kumurudisha, wanazika shina la mugomba lililokatwa sawa na urefu wake. Wanalivika shati lake, wanalilia, wanalizika, njo matanga yanaisha. Lakini wazee wao hawakati mugomba bila shahidi aliyeona mwili. Mimi waliniuliza, nikasema nilimuona mu maji.

"Ulimuona anaingia mu maji," shemeji yangu Damasi alijibu. "Hukumuona amekufa. Iko watu wako Kigoma leo, wanakula, tuliwalilia hapa."

"Damasi, ndugu yako angekuwa hai angeniachia hivi?"

"Wanaume wanaachia, shemeji."

Tangu siku ile niko bibi wa mutu asiyekuwepo. Nguo nyeusi haijatoka. Mugomba haujakatwa. Mama mukwe alikufa akiwa anaweka sahani ya mutoto wake kila mangaribi, na baada ya kilio chake sahani hiyo walinipatia mimi niendelee. Sikuendelea, na walinisema. Siwezi kuolewa, siwezi kurudi kwetu Mpala, siwezi hata kumuombea misa ya wafu, padri anataka familia ikubali kwanza. Nilikuwa kijana wakati boti lilizama. Angalia sasa.

Miaka hii ziwa limepanda. Limekula muchanga, limekula barabara, limekula nyumba za karibu na Lukuga, yangu na ya Papa Mupimaji. Mimi nilihamia kwa Damasi. Yeye na binti yake walienda Katanika, pamoja na wale waliokimbia vita, mu nyumba za miti na maturubai ya shitingi. Nikasikia macho yake yamekufa na kwamba hatembei. Nilijikataza kwenda. Kisha nikaenda.

Binti yake, mama mukubwa sasa, alikuwa anasonga bukari inje. Alinionyesha mulango na mwiko.

"Nani?" muzee aliuliza kutoka ndani.

"Mama wa samaki."

"Mama wa samaki aliyeninyima salamu."

"Njo mimi."

"Karibu. Iko kiti kimoja, kimevunjika. Kaa kitandani, sina ugonjwa wa kuambukiza, nina uzee."

Nilikaa. Alikuwa amebaki mifupa na kanzu. Uturi hakuwa nao tena, na harufu ile nyingine pia ilikuwa imeenda.

"Nimekuja kuuliza tena," nikamuambia.

"Najua." Alimuita binti yake. "Leta lile gunia."

Nilimugeukia. "Uliniambia huna."

"Leonardi alikuwa angali bandarini. Alituma watu mara mbili kuniangalia."

"Leonardi alipandishwa cheo, Papa. Yuko Lubumbashi. Fostini ameongeza maboti."

"Nilisikia."

"Basi ulikuwa unangoja nini?"

Alipindua mudomo kama ile siku ya risasi. Binti yake akaleta gunia la muchele, akamimina chini. Kamba hazikuwa nyingi. Nilikuwa nimefikiri nitakuta kichaka. Zilikuwa zimekunjwa moja moja, kila moja imefungwa katikati kama mutoto anafunga nywele.

Kwa namna moja tu nilikuwa namujua bwana yangu kwa urefu. Tukisimama bila viatu, kidevu chake kilikuwa kinalala ku utosi wangu sawasawa, bila yeye kuinama, bila mimi kujivuta. Alikuwa anapenda kusimama hivyo mu mulango akiangalia mvua. Basi nikavua kandambili, nikasimama wima ku udongo. Nikamuambia binti aweke mwisho wa kamba chini ya kisigino changu, avute juu mpaka fundo la kidevu.

Alianza. Ya kwanza fundo lilifika ku sikio langu. Ya pili lilipita kichwa, mutu murefu sana, nilimukumbuka, alikuwa amekaa karibu na motere. Nyingine zilikuwa fupi. Binti aliinua moja, akaiangalia, akaiweka pembeni bila kuifungua, na nyingine, na nyingine tena. Zilikuwa za urefu wa watoto, na mimi sikuuliza. Bukari iliungua inje, hakuna aliyeenda.

Zikaisha. Bwana yangu hakuwa pale. Aliingia mu lile shimo pamoja na wale ambao hawakupimwa, ama ziwa lilimuweka. Nilivaa kandambili zangu.

"Hakuna?" muzee aliuliza.

"Hakuna."

"Ile iliyokaribia ilikosa nini?"

Binti alimuwekea kamba mu mikono. "Vidole viwili, Papa. Fundo linafika ku paji la uso wake."

Aliipapasa kutoka kichwa mpaka kisigino, polepole. Kisha akainyoosha kwangu. "Chukua."

"Si yeye."

"Chukua, mama. Mutu akikaa mu maji anapungua."

"Papa," nikamuambia, "weye njo ulitufundisha maji hayagusi urefu."

"Nilifundisha." Mikono yake ilikuwa ingali hewani na kamba. "Nitaapa. Muite Damasi aje hapa, nitaapa mbele yake kwamba nilimuona, nilimupima, ni yeye. Mutakata mugomba. Utavua hiyo nguo. Mimi nimebakisha nini cha kufanya?"

Sitadanganya, nilishika ile kamba. Niliishika na nikaona shina limekatwa, limevikwa shati, nikaona wanamwaga udongo na ninarudi nyumbani nikiwa mujane, mutu mwenye jina. Mwaminifu yule ambaye hakuruka hata mustari alikuwa tayari kuapa uongo juu yangu, na mimi nilikuwa tayari kula uongo wake. Tulikuwa tumefika pale, wote wawili.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Mwanaume. Alikuwa na kovu refu ku goti la kushoto. Hakuna mutu alikuja kumuuliza."

"Uliniambia huna kamba, Papa. Mimi nilirudi nyumbani. Bibi wa huyu angekuja namna gani?"

Alianza kulia bila sauti, macho yale yaliyokufa yalikuwa yangali na maji. Sikumufuta. Niliikunja kamba nikaifunga katikati kama nilivyoikuta, nikamurudishia.

Mangaribi Damasi aliniuliza kama muzee alikuwa na kitu.

"Alikuwa nacho," nikamuambia. "Si cha kwetu."

Alivuta sahani yake, akaendelea kula.

Basi namuandikia mama mumoja ambaye simujui, wa Moba ama wa Kabimba, ama yuko hapa hapa Kalemie na tunapishana ku soko. Bwana yako alipanda boti la Fostini, alikuwa mufupi kuliko wangu kwa vidole viwili, na ku goti la kushoto alikuwa na kovu refu. Ziwa lilimutupa, muzee alimupima, amekufa kweli. Kamba yake iko Katanika mu gunia la muchele. Nenda haraka. Shitingi yao inapigwa na upepo, haina kitu cha kuifunga, na mvua ikianza mutu anafunga nyumba yake na kamba aliyo nayo.